MJADALA: Sauti ya James Earl Jones, kibali chake kiliishia wapi?

Kibwagizo
Wakuu, naleta hoja. James Earl Jones alifariki tarehe 9 Septemba 2024 nyumbani kwake Pawling, New York, akiwa na miaka 93. Miezi minane baadaye, Mei 2025, sauti yake ilikuwa ndani ya mchezo wa Fortnite ikijibizana na mchezaji yeyote aliyemshinda Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars ambaye Jones alimpa sauti, na kumvuta upande wake. Hizo si rekodi za zamani. Mashine moja inatunga maneno, nyingine inayatamka kwa koo la Jones. Familia yake iliridhia. Hata hivyo chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilipeleka malalamiko kwenye bodi ya taifa ya mahusiano kazini tarehe 19 Mei 2025, dhidi ya Llama Productions, kampuni tanzu ya Epic Games wanaomiliki mchezo huo.

Kwa wasiomjua kwa jina: ndiye Mufasa kwenye The Lion King ya 1994 na ya 2019, na ndiye mfalme wa Zamunda aliyekuwa baba yake Eddie Murphy kwenye Coming to America, 1988. Msimamo wangu ni kwamba alichokubali mwenyewe akiwa hai ni kitu kimoja, na kilichofanyika Mei 2025 ni kingine kabisa. Karibuni.

Mtoto wa Studio
Sikubaliani, mkuu. Mzee alikuwa na akili zake timamu. Mwaka 2022, kwenye tamthilia ya Obi-Wan Kenobi, aliruhusu rekodi zake za nyuma zitumike kumrudisha Vader kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika kwa uzee. Aliijua teknolojia na akatia saini. Halafu tuangalie pesa. Kwa filamu ya kwanza ya Star Wars, 1977, alilipwa dola 7,000 kwa kazi ya saa chache, na filamu ikawaingizia wengine mamilioni kwa mamia. Leo warithi wake wanapata kitu kutokana na ile sauti, na sisi tusio ndugu tunawaonea uchungu kuliko wao wenyewe?

Zaidi ya hapo, alitaka jina lake lisiandikwe kwenye filamu ya 1977 na ya 1980. Alisema yeye ni sehemu ya mbwembwe za kiufundi tu. Kama mwenyewe aliihesabu hivyo, kwa nini sisi tuifanye kitu kitakatifu?

Fundi Mitambo
Ndugu zangu, mnachanganya mashine mbili, na hapo ndipo mjadala unapotea.

Mashine ya 2022 ni ya Respeecher, kampuni ya Kyiv, Ukraine, na waliifanya kazi hiyo huku vita vimeshawaingilia mjini. Inakwenda hivi. Unakusanya rekodi za mwenye sauti, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja ya maneno safi. Safi maana yake hakuna muziki chini, hakuna mwangwi wa chumba, hakuna mtu anayemkatiza. Kwa Vader kuna kazi ya ziada, ile pumzi yake. Ben Burtt, fundi sauti wa Star Wars, aliirekodi kwa kuingiza maikrofoni ndogo ndani ya kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Ukiilisha mashine rekodi iliyokwisha kuchanganywa na pumzi hiyo, itaichukua kama sehemu ya koo la Jones na kukurudishia kila neno likiwa na mlio wa mpira. Kwa hiyo unatafuta maneno matupu, kabla ya mchanganyo.

Baada ya hapo mwigizaji mwingine anaingia studio na kuisema mistari yote, toka mwanzo hadi mwisho. Mashine inabadilisha rangi ya sauti peke yake. Pa kutua, pa kukaza, hasira, uchovu, vyote vinatoka kwa aliyesimama mbele ya maikrofoni. Akiharakisha, Vader anaharakisha. Akimeza silabi, Vader anaimeza. Na kama kwenye zile rekodi za awali hakuna kunong'ona, ukinong'ona inatoka mikwaruzo kama redio iliyopoteza stesheni.

Fortnite ni habari nyingine. Gemini ya Google inatunga jibu, programu ya ElevenLabs inalisoma. Hakuna mwigizaji katikati. Mahali pa kuvuta pumzi panakisiwa kwa mpangilio wa maneno na alama za uandishi. Siku ileile ya kwanza wachezaji walimchokoza mpaka akatamka matusi, na Epic wakaziba tundu ndani ya nusu saa hivi. Vader wa kwenye filamu hana matusi hata moja. Sasa niambieni, ile saini ya Obi-Wan ilikuwa ya mashine ipi?

Binti Mwambao
Ahsante Fundi. Naomba nimjibu Mtoto wa Studio kuhusu "mbwembwe za kiufundi".

Sauti ile haikudondoka mbinguni. Jones alizaliwa Arkabutla, Mississippi, tarehe 17 Januari 1931, akalelewa na babu na bibi yake huko Michigan. Kigugumizi kilimbana hata akakaa karibu miaka minane bila kusema na watu wa nje. Sekondari, mwalimu wake Donald Crouch aligundua kuwa kijana anaandika mashairi. Alipoleta shairi kuhusu balungi, mwalimu alimwambia ni zuri mno, basi athibitishe ni lake kwa kulighani mbele ya darasa bila karatasi. Akaghani, na hakugugumia. Mizani ya shairi ilimshika mkono. Ukimsikiliza Vader utaona ile namna ya kutua kabla ya neno zito, hairuki silabi, haikimbilii mwisho wa sentensi. Ni mtu aliyejifunza kupita kwenye kila neno kwa tahadhari.

Na kazi yake haikuwa ya sauti tu. Alipata Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, 1969 kwa The Great White Hope, na filamu yake ya 1970 ikampa uteuzi wa Oscar. Tony ya pili 1987 kwa Fences. Mwaka 1991 alichukua Emmy mbili usiku mmoja kwa kazi mbili tofauti za televisheni, Gabriel's Fire na Heat Wave. Kutaka jina lisiandikwe kulikuwa unyenyekevu mbele ya kazi ya wengine. David Prowse ndiye aliyevaa lile vazi, Bob Anderson alipigana kwa upanga kwenye filamu mbili zilizofuata, Sebastian Shaw akatoa uso mwaka 1983. Ukichukua unyenyekevu wa mtu ukaufanya hati ya kumtumia bila mipaka, umemdhulumu.

Mtoto wa Studio
Dada, nimekuelewa, na hoja ya Fundi kuhusu mashine mbili ni nzito, sikuwa nimeitenganisha hivyo. Lakini familia bado ina haki. Au hainayo?

Wakili wa Mtaa wa Pili
Inayo, tena kwa maandishi. Jones alikuwa mkazi wa New York. Sheria ya jimbo hilo inayofanya kazi tangu Mei 2021 inawapa warithi wa msanii mamlaka juu ya jina, sura na sauti yake kwa miaka 40 baada ya kifo, yaani kwake hadi 2064. California wanatoa miaka 70. Kwa upande huo Epic walibisha hodi mlango uliopasa.

Udhaifu uko kwenye mkataba aliosaini mwenyewe. California ilipitisha sheria mwezi uleule aliofariki, ikaanza Januari 2025. Inasema kifungu cha kutengeneza nakala ya kidijitali ya mtu hakitekelezeki iwapo nakala hiyo inachukua kazi ambayo angeifanya mwenyewe, matumizi hayakuelezwa kwa kina cha kutosha, na hakuwa na wakili wala chama cha kumsimamia. Yote matatu kwa pamoja. Inagusa kazi mpya ya nakala iliyorekodiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025, hata kama mkataba ni wa kabla ya hapo. Maana mikataba mingi ya zamani ina sentensi moja pana, "kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa", na mwenye kampuni hutaka kuingia nayo popote.

Tena malalamiko ya SAG-AFTRA hayakuilaumu familia. Chama kilisema wazi kwamba warithi wana haki. Kilicholalamikiwa ni mwajiri kubadilisha kazi ya wanachama kwa mashine bila kuwapa taarifa wala kukaa nao mezani, wakati mgomo wa waigizaji wa michezo ya video, ulioanza Julai 2024, ulikuwa haujaisha.

Nyanza Sikio
Wakili amegusa penye uchungu. Kwenye michezo ya video, Vader kwa miaka mingi hakuwa Jones. Scott Lawrence alimwigiza tangu miaka ya 1990, na Matt Sloan akaja baadaye. Kazi ya waigizaji wa namna hii ndiyo chama kilisema imechukuliwa na akili unde, yaani AI. Watu wanamlilia marehemu, wakati aliyekosa kazi yuko hai.

Mtoto wa Studio
Hapo nashikilia, mkuu. Lawrence na Sloan nao walikuwa wanamwiga Jones! Mwaka 1988 mahakama ya rufaa Marekani ilisema mwimbaji Bette Midler anaweza kuwashitaki Ford, kampuni ya magari, kwa tangazo lililomtumia mwimbaji wa kumwiga, na baadaye akapewa dola 400,000. Iweje kumwiga kwa koo iwe halali, na kumwiga kwa kompyuta, tena kwa ridhaa ya familia, iwe kosa?

Wakili wa Mtaa wa Pili
Swali zuri. Midler alikuwa ameombwa aimbe, akakataa, ndipo wakamtafuta mwimbaji aliyewahi kumwitikia wamtumie kuuza magari. Watu wakadhani ni yeye. Vader ni mhusika, na mhusika ni mali ya Lucasfilm, kampuni ya Star Wars. Mwenye mhusika akimwajiri mwigizaji mwingine amchukue, ni kama ukumbi wa maigizo unavyobadilisha mwigizaji wa Othello, yule mhusika wa Shakespeare. Kila mwigizaji analipwa na jina lake linaandikwa. Mashine ya Fortnite haikuajiriwa na haina chama. Mkataba mpya wa michezo ya video uliopitishwa Julai 2025 umeweka ridhaa, taarifa, na haki ya mwigizaji kusimamisha ruhusa ya nakala yake wakati wa mgomo.

Kibwagizo
Hili linatugusa pia. Tamthilia za Kituruki zinaingizwa sauti za Kiswahili Dar es Salaam, na waingiza sauti wanalipwa kwa kipindi. Fundi, Wakili, mtu aandike nini kabla ya kutia saini?

Fundi Mitambo
Kwanza aandike mashine ipi: ya kubadilisha sauti ya mwigizaji mwingine, au ya kusoma maandishi. Asikubali neno "teknolojia" peke yake. Pili, jina la kazi na idadi ya vipindi. Tatu, sauti ijibizane na umma au isijibizane, kwa sababu ikijibizana hakuna anayejua itasema nini kesho. Nne, rekodi ghafi za studio zisitumike kuifundisha mashine bila malipo ya pekee, mbali na malipo ya kipindi. Hapo ndipo wengi wanapoliwa, maana saa sita za kuingiza sauti kwenye tamthilia ni nyingi kupita zinazohitajika kwa kawaida kuiga sauti ya mtu mmoja.

Wakili wa Mtaa wa Pili
Ongeza muda. Mwaka mmoja au miwili, kisha mazungumzo upya. Na kifo chako kitajwe: ruhusa iishe siku hiyo, au mrithi fulani ndiye aulizwe kwa kila kazi mpya.

Binti Mwambao
Na ile mashine iliyokwisha kufundishwa, muda ukiisha inakwenda wapi? Rekodi zinaweza kurudishwa. Mashine je?

Fundi Mitambo
Ni faili, dada. Linanakiliwa kwa dakika moja. Kuandika "litafutwa" hakutoshi. Andika liko kwenye seva ya nani, nani ana ruhusa ya kulifungua, na mwigizaji aletewe orodha ya kila lilipotumika kila baada ya miezi mitatu. Bila orodha hiyo, utaisikia sauti yako dukani na usijue pa kuanzia.