Kuanzia leo asiniambie mtu "inacheza kwenye Linux" kabla hajaniuliza ni mchezo gani na mashine gani

Waungwana,

Naandika nikiwa nimekasirika na sitajifanya vinginevyo. Gigabaiti 94 zimekaa bure kwenye diski yangu hapa Umoja, Nairobi, tangu wiki ya pili ya Desemba, shilingi 4,500 zimekwenda kwa mtu ambaye hapokei tena simu zangu, na mpwa wangu amerudi shuleni kuanza kidato cha tatu akiamini kwamba mjomba wake ni mtu wa kubahatisha mambo. Yote haya yametokana na neno moja ambalo ninyi, na mimi pia kabla ya Desemba, tumekuwa tukilitoa ovyo kila mara mtu anapouliza kama mchezo mpya utakubali kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows: "Inacheza."

Nianze na mashine, kwa sababu asiyetaja mashine yake hajasema kitu. Kompyuta yangu ni ya mezani, ex-UK (iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa) kama zile zilizojaa mtaa wa Luthuli, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na kadi ya michoro ya GTX 1650 niliyoinunua baadaye. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, masharti ambayo mashine yangu haiyatimizi. Sikuona sababu ya kutupa kompyuta inayofanya hesabu za duka langu bila shida yoyote, kwa hiyo nikaweka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Kwa upande wa kazi sijajuta hata siku moja.

Sina ugomvi na Proton, na hilo naomba lieleweke mapema kabla wapenzi wake hawajanivamia. Valve, wenye duka la michezo la Steam, waliitoa Agosti 2018 ikiwa imejengwa juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza mwaka 1993, na kazi yake ni ya mkalimani: mchezo unatoa maombi yake kwa namna ya Windows, nayo inayageuza papo hapo yawe maombi ambayo Linux inayaelewa. Michoro iliyotungwa kwa Direct3D, lugha ya michoro ya Windows, toleo la 9 hadi 11 hupitia DXVK, ile ya Direct3D 12 hupitia VKD3D-Proton, na zote mbili huitoa upande wa pili ikiwa Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaielewa. Tangu Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya michezo ya Valve, ilipoingia sokoni Februari 2022 ikiwa na mfumo wa Linux ndani yake, kazi hiyo imekwenda kwa kasi ambayo mtu aliyewahi kuhangaika na Wine zamani hangeiamini. Kwenye mashine yangu hiihii nimemaliza Elden Ring, na Baldur's Gate 3 inakwenda vizuri nikishusha ubora wa michoro. Mchezo wa kujichezea peke yako, usiotaka seva ya mtu, mara nyingi hukubali siku ileile unapotoka. Kama mngekuwa mnasema hivyo tu, nisingekuwa na neno.

Tatizo linaanzia pale mpwa wangu alipotaka kuanzia, yaani kucheza mtandaoni na wenzake. Likizo ilipoanza aliniambia kwamba rafiki zake wanne wa Donholm wamekwisha kununua mchezo fulani mpya wa vita, na kwamba nafasi ya mtu wa tano imewekwa kwa ajili yake. Nikamwendea muuzaji mmoja wa misimbo ya kufungulia michezo katikati ya jiji, ambaye humlipa kwa M-Pesa naye akakutumia msimbo kwa WhatsApp, nikamuuliza kwa maneno yasiyo na utata kama mchezo huo unacheza kwenye Linux. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Mkubwa, siku hizi zote zinacheza, ni kuweka Proton tu." Jioni hiyo niliwauliza watu wawili ninaowaheshimu katika mambo haya, nao wakanipa neno lilelile, wala hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina la mchezo.

Laini yetu ya nyumbani ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo gigabaiti 94 huchukua takriban saa 21 kama hakuna kitakachoharibika, lakini stima zilipotea mara mbili, tukamaliza kupakua siku ya tatu asubuhi. Kijana alikuwa akiamka usiku kutazama asilimia zilipofika. Ilipotimu mia alikuwa amekwisha kuvaa vipokea sauti vyake. Nembo ikatokea, ngoma zikalia, skrini ikawa nyeusi kwa muda wa kupumua mara tatu, kisha kikatokea kisanduku kidogo cha kijivu kikisema kwamba huduma ya ulinzi haikuweza kuanzishwa, chenye kitufe kimoja tu cha kukubali. Akakibonyeza. Akauwasha mchezo upya, kikatokea tena. Mara ya nne akavua vipokea sauti, akauzungusha waya wake taratibu mkononi, akaniambia, "Mjomba, kwani hukuuliza?"

Niliuliza, jamani. Muuzaji naye alisema kwamba msimbo ukishafunguliwa haurudishwi, na tangu siku hiyo simu yake inaita tu.

Kilichotokea hakina fumbo, na ndiyo maana kinaniudhi. Mchezo huo una programu ya kuzuia udanganyifu, ambayo hapa nitaiita soja kwa kuwa kazi yake ni ya getini. Wapo masoja wanaokaa pamoja na mchezo wenyewe, na wapo wanaodai kukaa ndani ya kerneli ya Windows, chumba cha ndani kabisa ambako mfumo hutunza funguo zote. Proton inafanya kazi nje ya kerneli, tena kerneli iliyopo ni ya Linux. Soja wa aina hiyo akifika hakikuti chumba alichoagizwa kukaa, na mchezo hauanzi. Ndiyo sababu Valorant haichezeki kwetu, na ndiyo sababu League of Legends, ambayo watu waliicheza kupitia Wine kwa miaka mingi, ilikatika mwaka 2024 ilipoletewa Vanguard, soja wa kerneli. Call of Duty yenye soja aitwaye Ricochet ni hivyohivyo, na Battlefield 6 iliyotoka Oktoba 2025 ni hivyohivyo. Hapo hakuna mpangilio wa kubadilisha wala amri ya kunakili kutoka kwenye video ya mtu, na anayekushauri ujaribu Proton ya toleo jingine anakupotezea usiku wako.

Kundi hilo, hata hivyo, angalau linaeleweka. Linalonichemsha damu ni lile jingine, ambalo mlango wake upo, ufunguo upo, na mwenye nyumba ameamua tu kutofungua. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu mbili za kisoja zinazolinda michezo mingi ya mtandaoni, zote zilitangaza Septemba 2021 kwamba zinaweza kufanya kazi kupitia Proton mradi mwenye mchezo aridhie. Wenye DayZ waliridhia, na DayZ yenye BattlEye inachezeka. Rockstar walipoiweka BattlEye hiyohiyo kwenye GTA Online Septemba 2024 hawakuifungulia Linux, na watu waliokuwa wakicheza pamoja hadi usiku wa kuamkia siku hiyo wakabaki na hadithi ya mchezaji mmoja. Apex Legends ilikuwa wazi kwetu, watu wakaizoea na kununua vikorokoro vyake, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 Electronic Arts wakaifunga kwa hoja kwamba uwazi wa Linux unawavutia wadanganyifu na wanaowatengenezea zana. Sikatai kwamba wadanganyifu wapo. Nasema tu kwamba kwenye Windows wamejaa hadi leo pamoja na masoja wote waliopandwa kwenye kerneli, na hakuna aliyewahi kupendekeza Windows ifungwe. Sisi tuko asilimia 3 hivi ya watumiaji wa Steam kwa takwimu zake za Oktoba 2025, na mteja wa asilimia 3 hufukuzwa bila mtu kugeuka kutazama.

Hata mchezo uliotengenezewa Linux kabisa hauna dhamana. Rocket League ilikuwa na toleo lake la Linux, ikauzwa hivyo, na Machi 2020 toleo hilo likakatiwa michezo ya mtandaoni. Kwa hiyo neno "inacheza" lina tarehe ya kuharibika kama maziwa ya pakiti, na ninyi mnaendelea kuwapa watu pakiti ya mwaka juzi.

Kisha kuna hili la alama ya kijani. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alinunua kompyuta kubwa ya ofisini, ex-UK pia, yenye kadi ya michoro ya Quadro K2000, na akaambiwa kwamba mchezo wowote wenye alama ya kuthibitishwa kwa Steam Deck utakubali kwake kwa kuwa zote ni Linux. Alama ya Steam Deck inahusu Steam Deck! Kadi yake ni ya kizazi cha Kepler, ambacho Nvidia walikiishilizia kwenye draiva (programu za kuendeshea kadi) za 470, na draiva hizo zinafika Vulkan 1.2 tu, wakati DXVK tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inataka Vulkan 1.3. Michezo ya zamani anaweza kuiokoa kwa kurudi kwenye Proton 7.0, lakini mpya asahau. Kadi yenyewe haina ubovu wowote, inafungua video na kuchora ramani zake za ujenzi kama kawaida. Ametumia wiki mbili akisakinisha upya mfumo mzima, akidhani kosa ni lake, na aliyemshauri ni mmoja wetu.

(Na mnaomwambia mtu wa bando apakue mchezo, mwambieni pia kwamba Steam kwenye Linux hupakua vijiprogramu vya michoro (shader) vilivyoandaliwa mapema kwa kila mchezo, vinavyoweza kufika gigabaiti kadhaa na kurudi kila vinaposasishwa. Huzimwa kwenye mipangilio. Mimi niligundua bando likiwa limekwisha.)

Najua nitajibiwa kwamba ningetazama ProtonDB, tovuti ambako watu huripoti jinsi michezo inavyokwenda kwenye Proton. Nimeitazama, baada ya kuumia, na nakiri kwamba ni mahali pazuri ukisoma ripoti zenyewe, kwa kuwa mtu huandika kadi yake, draiva yake, toleo la Proton na siku aliyojaribu. Lakini wengi wenu mnanukuu tu medali ambayo mchezo umepewa hapo, na medali ya dhahabu inaweza kuwa imetolewa na watu waliocheza peke yao hadi mwisho bila kugusa sehemu ya mtandaoni. Nitajibiwa pia kwamba tangu mwishoni mwa Oktoba 2024 Steam inawataka wenye michezo wataje kama soja wao anaingia kwenye kerneli. Ni kweli, na tangazo hilo linakaa kwenye kurasa za Steam, ambako aliyenunua msimbo kwa WhatsApp hajawahi kufika. Tena linasema soja anaingia wapi. Halisemi kwa maneno ya kawaida, kando ya bei, kwamba ukiwa na Linux usitoe pesa yako. Anayeuza nyama hutakiwa kusema kama ni ya mbuzi au ya ng'ombe kabla ya kupima, sijui kwa nini anayeuza mchezo wa maelfu ya shilingi asamehewe.

Kwa hiyo nina madai mawili. Kwa wauzaji wa misimbo wa hapa jijini, ambao najua baadhi yenu mnasoma hapa: mteja akitaja Linux, mwulize anataka kucheza peke yake au mtandaoni, na kama hujui jibu, mwambie hujui. Kwa sisi wenyewe: mtu akiuliza kuhusu mchezo mpya, ajibiwe na aliyeuwasha kwa mkono wake, akitaja kadi, draiva, toleo la Proton, tarehe, na kama aliingia kwenye seva au aliishia kwenye menyu. Wengine tukae kimya.

Na anayetaka kuniandikia "rudi Windows" anitajie ni Windows gani, kwa prosesa ya kizazi cha 6.

Shule zinafungwa tena Aprili. Wale vijana wanne wa Donholm wamesema wako tayari kuhamia mchezo mwingine wa vita wa watu watano ili mpwa wangu apate nafasi. DayZ wameikataa, wanasema ina kutembea kwingi. Counter-Strike 2 ina toleo lake la Linux na haigharimu kitu kuanza, kwa hiyo ndiyo ninayoifikiria. Aliyeicheza mtandaoni kwenye GTX 1650 na Linux Mint, kutoka Nairobi, aniambie draiva aliyotumia na kama mechi zilimkatikia.