Tupeane uzoefu: mgeni kutembea peke yake juani, Unguja na Pemba

Kaskazi ya Jambiani (mwenye mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kaskazi, ule upepo wa kiangazi, imeshika, wageni wamejaa, na kila siku ikifika saa tano utawaona wanaanza safari ya miguu ufukweni, mmoja mmoja, kichwa wazi, kichupa cha nusu lita mkononi. Nafungua mada hii kwa wanaoijua kazi: watembeza wageni, manesi, wavuvi, wenye nyumba za kulaza. Tusilete visa vya fulani kaanguka wapi. Tuleteni saa, lita, masafa, na mtu akizidiwa afanyiwe nini.

Naanza na saa. Hapa kwetu jua halifiki utosini saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45, sisi tupo 39 na kidogo, kwa hiyo mwezi wa Februari jua linafika juu kabisa kwenye saa sita na dakika 35 hivi. Halafu tupo nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, maana yake mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na Oktoba 8, adhuhuri jua linasimama wima juu ya kichwa. Siku hizo ukuta hauna upande wa kivuli, na kivuli chako mwenyewe unakikanyaga. Mgeni aliyezoea kwao kwamba kila njia ina upande wa jua na upande wa kivuli, huku hesabu hiyo inamwangusha. Na jua likishaanza kuteremka, joto la hewa bado linapanda mpaka saa nane, saa tisa. Kwa hiyo wakati wa kukaa ndani ni saa tano mpaka saa kumi. Kutembea ni baada ya alfajiri mpaka saa tatu, au alasiri jua likishalegea.

Dau la Bwejuu

Kaka, umesema jua, mimi niongeze maji, maana pwani ya mashariki mambo haya mawili hayatenganishwi.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni maji ya bamvu. Pwani yetu, siku za bamvu maji yanapwa kabisa kwenye saa nne mpaka saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi alasiri. Bahari inatoka mbali, mchanga na matumbawe yanabaki wazi mpaka karibu na mwamba, na mgeni anaona njia imefunguka. Anakwenda. Akifika kule mwisho ni saa tano na nusu, maji yameshageuka. Yanapojaa hayaji kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza taratibu, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Hesabu mwenyewe, saa ya tatu inaangukia saa saba mchana. Basi anarudi maji yakiwa magotini, miguu inatafuta pa kukanyaga kati ya mashamba ya mwani na mawe, jua liko kichwani, na mwanga unaorudi kutoka kwenye maji unampiga usoni kwa chini. Kofia haizuii mwanga wa chini.

Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, yanapwa alasiri, ingawa hayatoki sana. Mgeni anayetaka kutembea ufukweni jioni mwambie angoje mafu. Anayetaka kwenda mwambani siku za bamvu atoke mapema akiyafuata maji yanavyotoka, awe na mtu wa hapa, na aanze kurudi kabla hayajageuka.

Jambo jingine ni mchanga. Kutembea kwenye mchanga laini kunaula mwili nguvu mara mbili na zaidi ya njia ngumu. Paje mpaka Jambiani ni kilomita tano, sita hivi. Kwa lami ni mwendo wa saa moja na ushei. Kwenye mchanga mkavu ni kazi nyingine kabisa, na nguvu zote hizo zinageuka joto ndani ya mwili. Atembee kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu unaoachwa na maji.

Nesi wa Kusini

Ahsanteni. Nianze na hili la upepo, maana ndilo linalowadanganya wengi. Mwili unapoa pale jasho linapokauka kwenye ngozi. Jasho linalodondoka chini halijapoza kitu, ni maji na chumvi vimepotea bure. Huku kwetu hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki vizuri. Ufukweni kaskazi inasaidia kulikausha, mtu anajiona mzima. Akiingia njia za ndani, kwenye maweni, upepo umekatwa na vichaka, mawe yanarudisha joto, jasho linamiminika tu. Ndani ya dakika chache mtu yule yule aliyekuwa akiimba ufukweni anaanza kuona giza.

Kiasi cha maji: robo lita kila dakika 20, ambayo ni kama robo tatu ya lita kwa saa. Chupa ya lita moja na nusu ni ya saa mbili, si ya kutwa. Kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu. Na msizidishe, kwa sababu kuna wanaodhani maji mengi ni salama siku zote: zaidi ya lita moja na nusu kwa saa chumvi ya damu inashuka, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wanaomhudumia wanazidi kumnywesha. Angalieni mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, au saa nyingi zimepita bila haja ndogo, safari isianze.

Aliyeshuka ndege jana kutoka kwenye baridi asitembee juani kama aliyekaa wiki mbili. Mwili unahitaji siku 7 mpaka 14 kulizoea joto. Ndipo jasho linaanza kutoka mapema na chumvi inapotea kidogo. Siku tatu za kwanza ndizo za hatari. Ongezeni pombe ya jana usiku, kuhara, au ngozi iliyoungua na jua, maana ngozi iliyoungua haitoi jasho sawasawa.

Kisha ulizeni dawa. Vidonge vya presha vinavyokojosha vinamaliza maji. Baadhi ya dawa za mafua, mzio na magonjwa ya akili zinapunguza jasho. Na wageni wengi wanakunywa doxycycline kujikinga na malaria. Hiyo inaifanya ngozi iungue na jua haraka kupita kawaida, kwa hiyo mikono mirefu ni lazima.

Mgeni wa Bara

Nesi, samahani dada yangu. Nikiwa natembea shamba huko na madafu yanauzwa kila kona, si yanatosha badala ya maji?

Nesi wa Kusini

Dafu ni zuri, lakini si dawa kamili. Lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Ndiyo maana ukijaza tumbo madafu matupu bado misuli ya miguu inakaza. Kunywa dafu na kitu cha chumvi, mihogo ya kukaanga au karanga. Kama umetoka jasho jingi, pakiti ya chumvichumvi (ORS) ya lita moja ni bora. Pakiti ikikosekana: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Onjeni: isizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi inadhuru.

Baraza la Nungwi

Sisi wenye nyumba za kulaza tunaweza kuzuia zaidi kuliko hospitali, kwa sababu mgeni anapita mlangoni kwetu akitoka.

Muulizeni anakwenda wapi, anapita njia gani, atarudi saa ngapi. Andikeni kwenye daftari, pamoja na namba yake ya simu na rangi ya nguo aliyovaa. Hakuna mgeni aliyewahi kuchukia kuulizwa kwa adabu. Saa aliyosema ikipita kwa nusu saa, pigeni simu. Simu haipokelewi, mtu atoke. Msingoje magharibi mkidhani amekaa mahali anakula.

Na simu yenyewe isiaminiwe. Ikishikwa juani mkononi inapata joto, inajizima, na ni saa hiyo hiyo inayohitajika. Ikae ndani ya mfuko, imefungwa kwenye kitambaa, isiwe juu ya mchanga.

Kwa huku kwetu, wageni wanapenda kwenda Kendwa kwa miguu kupitia ufukweni. Ni kama kilomita tatu, lakini maji yakijaa yanafika kwenye mawe na njia inakatika. Aliyekwenda maji yametoka akaja kurudi yamejaa anajikuta anazunguka kwa barabara ya juu, mchana, bila kivuli na bila maji. Mpeni saa za maji kabla hajatoka, na mwambieni abaki na nauli mfukoni. Akichoka apande gari au bodaboda bila kuona haya.

Mkaazi wa Konde

Pemba nayo ina yake. Watu wanadhani kwa kuwa kisiwa ni kijani basi ni baridi. Pemba ni vilima na mabonde. Kupanda kilima kimoja saa sita kunachemsha mwili kuliko nusu saa ya tambarare. Ndani ya msitu wa Ngezi kivuli kipo kweli, lakini hewa imesimama na unyevu ni mwingi, jasho halikauki. Mgeni anatoka msituni ameshalowa chapachapa, anaona bahari ya Vumawimbi, anaendelea mpaka mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Huko vivuli vimekwisha, magari ni ya kubahatisha na watu ni wachache. Maji yote ya safari yabebwe kutoka Konde: lita tatu kwa mtu mmoja kama anakusudia kwenda na kurudi asubuhi. Na sheria ya kugeuka iwe hii: theluthi ya maji ikiisha, geuka, ufike usifike. Kurudi ni kugumu kuliko kwenda.

Kuhusu kuwa peke yake, niseme wazi. Joto linaanza na akili kabla ya miguu. Anayezidiwa hajui kwamba amezidiwa. Anakuwa mkaidi, anapita njia ya kushoto badala ya kulia, anasema bado kidogo. Mwenzake ndiye anayeliona hilo. Mnakumbuka Juni 2024, daktari na mtangazaji wa Uingereza Michael Mosley alipotembea peke yake mchana wa joto kali katika kisiwa cha Symi, Ugiriki, simu ameiacha alikofikia. Alitafutwa siku nne, akapatikana amefariki jirani kabisa na ufukwe wenye mkahawa. Uchunguzi haukuweza kuthibitisha sababu ya kifo kwa uhakika. Lakini mtu aliyezijua habari za afya kiasi kile hakuwa na wa kumwambia keti hapa.

Mkimtafuta aliyepotea, mwambieni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia hiyo, kwanza, na wavuvi na kina mama wa mwani, wao wanaiona pwani nzima. Na tafuteni vivulini nje ya njia: chini ya mikadi na mivinje, kwenye mapango ya mawe, nyuma ya kuta. Anayeungua hutafuta kivuli na kulala. Wanaopita njiani hawamwoni.

Dau la Bwejuu

Na akipatikana amezidiwa, si atiwe baharini tu?

Nesi wa Kusini

Hapana, mzee wangu. Maji yakiwa yametoka, yale madimbwi ya ndani ya mwamba yana joto, na aliyechanganyikiwa anaweza kuzama kwenye maji ya magoti.

Kwanza mpambanueni. Muulizeni jina lake, amelala hoteli gani, leo siku gani. Akijibu sawasawa, ila anatoka jasho, kichefuchefu, kichwa kinauma, miguu inakaza: huyo amezidiwa na joto. Kivulini, alale, miguu iinuliwe kidogo, nguo zilegezwe, maji yenye chumvichumvi kwa funda ndogo. Akiwa hajapata nafuu kwa nusu saa, hospitali.

Akijibu ovyo, akiyumba, akigombana, akidegedega au akizimia, na mwili unachoma: ni kiharusi cha joto. Joto la ndani limefika nyuzi 40 au limepita, na viungo vinaungua. Msiseme bado ana jasho kwa hiyo ni nafuu. Aliyekuwa akitembea anaweza kuwa na jasho na bado akafa. Mmoja apige 112 na atafute gari, wengine waanze kupoza hapo hapo. Vueni nguo za nje. Mwagieni maji mfululizo mwili mzima, huku wawili wanampepea kwa kanga. Maji ya kisima ndiyo mazuri. Ya tangi la plastiki lililokaa juani, fungueni bomba yatoke kwanza yale ya moto. Barafu ombeni kwa wauza samaki au hotelini: shingoni, makwapani, kwenye kinena, imefungwa kwenye kitambaa. Shuka iliyolowa isiachwe ikapata joto juu yake, ibadilishwe kila dakika chache.

Asinyweshwe kitu kama hajielewi, kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu. Asipewe panadol wala aspirini, hii si homa na hazisaidii. Mkishamtia garini, madirisha wazi na maji yaendelee mpaka hospitali ya Kivunge, Makunduchi, Wete au yoyote iliyo karibu. Dakika 30 za kwanza ndizo zinazoamua.

Bint wa Mkoani

Ramadhani je? Miaka hii inaangukia kiangazi, Februari na Machi, na vijijini mchana mikahawa imefungwa.

Baraza la Nungwi

Swali zuri, dada. Mgeni asiyefunga anaona haya kunywa mbele za watu, basi hanywi kabisa, na hilo ni kosa. Mwelezeni mapema: maji ajaze asubuhi kabla ya kutoka, na anywe faraghani, ndani ya gari au uani kwa watu. Akisema ana kiu, hakuna nyumba huku itakayomnyima maji, funga au si funga. Na safari ya miguu mwezi huo aifanye baada ya alfajiri tu; jioni karibu na futari barabara inabaki tupu, akianguka hakuna wa kumwona.