Tupeane uzoefu: Kifungu cha 43 kimewahi kukufaa?

MamaPacha: Wakenya wenzangu, Katiba ya 2010, Kifungu cha 43: afya, makao, chakula, maji, elimu, hifadhi ya jamii. Ya semina tuyaache. Nani amekitumia, akapata nini?

Naanza. Mwanangu alijimwagia uji wa moto kifuani. Nikamfunika leso mbichi, bodaboda mbio hadi hospitali. Karani dirishani: "Elfu tano kwanza." Nina mia nane. Nikamwambia 43(2) inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hakuinua hata macho: "Katiba hainunui dawa, mama." Hapo nikapiga kelele, haya niliziacha nyumbani. Daktari mmoja kijana akatoka, akamwona mtoto, akambeba mwenyewe. Basi kifungu kilituingiza. Kutoka sasa! Mtoto ameruhusiwa, na siku sita zaidi tuko wodini tunasubiri harambee ya bili.

FundiBati: Pole sana, mama. Sisi tulipewa notisi ya siku saba tuhame. X nyekundu kila mlango, mpaka choo kikapigwa X. Msaidizi wa sheria wa mtaani akatuambia Kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya haki hizi hakutozwi ada. Kweli, ila fotokopi, nauli na kamishna wa viapo, yule anayeshuhudia hati ya kiapo, hawajasoma kifungu hicho. Tulichanga. Amri ya muda ilizuia tingatinga miezi mitatu. Nyumba hatukuziokoa, lakini tuling'oa mabati wenyewe, misumari tukainyoosha, tukajenga kwingine.

Wakili_wa_Jioni: Kesi ya kusoma ni ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, Nairobi, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Walibomolewa Novemba 2011. Wakashinda Mahakama Kuu 2013, wakapoteza kwenye Rufaa 2016. Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema maskini aliyejenga kwenye ardhi ya umma hapati hatimiliki, ila anapata haki ya makao inayolindwa. Miaka tisa na ushee. Mtoto aliyebomolewa akiwa chekechea alikuwa karibu kumaliza shule.

Mndengereko: Mna bahati ya kubishana na karani. Huku Tanzania Ibara ya 11 inataja kazi na elimu, halafu Ibara ya 7(2) inaifungia mahakama mlango: hayo hayadaiwi kortini. Nilipodaiwa michango ya shule nilikwenda kwa mtendaji wa kata. Alinisikiliza, akaniongezea muda wa kulipa 😂

Njeri_wa_Chini: FundiBati, hati ya kiapo mlilipa ngapi? Nina notisi mkononi, zimebaki siku nne.

FundiBati: Mia mbili kila mtu. Dada, usingoje kesho. Piga picha notisi, mlango na watoto wakiwa ndani, kisha uje kwa inbox nikupe namba ya yule msaidizi.