Naomba ushauri: mtoto wa pumu, kila mara tunaishia kasualti usiku

Hamjambo wazazi wenzangu. Nina binti wa miaka 6 mwenye pumu, tunaishi Kayole. Tangu baridi ilipoanza mwezi wa Mei nimekimbia naye kasualti mara nne, zote usiku wa manane. Anawekewa mashine ya mvuke, anapewa vidonge vya siku chache, kifua kinafunguka, tunarudi nyumbani. Wiki mbili tatu, tunaanza upya. Kila mara ni daktari mwingine, na hakuna anayenipangia siku ya kliniki.

Ana inhela mbili: ya bluu ya salbutamol ya kumfungulia kifua, na ya kahawia ya beklometasoni, ya kuzuia pumu isimshike, ambayo niliambiwa avute asubuhi na jioni. Nitasema ukweli, hiyo ya kahawia nilikuwa naiacha akionekana mzima, maana jirani alinitisha kuwa mtoto atazoea dawa. Sasa ni wiki tatu sijaruka hata siku moja, na anavuta kupitia spesa (kichupa cha plastiki kinachounganishwa na inhela) yenye barakoa. Jiko la makaa nimelitoa nje. Kikohozi cha alfajiri kimepungua lakini hakijaisha. Shuleni mwalimu anaogopa kushika inhela yake, na hilo linaninyima usingizi.

Nauliza hasa wale ambao watoto wao wametulia: daktari aliwaandikia mpango unaosema avute bluu mara ngapi, na dalili gani ni za kukimbia hospitali? Na niende kliniki ipi, ya watoto au ya kifua? Asanteni sana.