Mjadala: Je, kanisa lipokee fungu la kumi la samaki wa kokoro?

MLETA MADA (mhazini wa usharika, kando ya ziwa)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta mezani jambo ambalo kamati yetu ya fedha imelizungusha kwa wiki tatu bila kulimaliza. Naamini si letu peke yetu, kwa kuwa kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe na Kome ni vigumu kupata usharika wa kando ya Ziwa Victoria usiokula kutoka kwenye mtumbwi, kwa namna moja au nyingine. Swali ni hili: mtu ambaye mwalo mzima, yaani ufuko wa kushushia samaki, unamjua kuwa anavua kwa kokoro, wavu ule mrefu unaoburutwa hadi ufukweni, tena hajifichi, akileta fungu lake la kumi, je, kanisa lipokee?

Katika sikukuu ya mavuno, tajiri mmoja wa mitumbwi alitutolea mabati hamsini ya kuezekea. Tulipiga vigelegele, kwaya ikaimba mara mbili, naye akaitwa mbele kuombewa. Jumanne iliyofuata nilishuka mwaloni alfajiri kutafuta kitoweo, nikawakuta vijana wapatao kumi na watano wakivuta kamba za kokoro lake, maji yakiwafika mapajani. Kilichotoka kilikuwa tope, majani, sato wachache na lundo la sangara wachanga. Niliokota mmoja nikampima kwa mkono: shubiri moja na vidole viwili. Kanuni za uvuvi zinataka sangara asipungue sentimita 50, yaani zaidi ya shubiri mbili za mkono wangu, na kokoro lenyewe limepigwa marufuku tangu zamani. Kijana mmoja akanitazama nikipima, akacheka, akasema: "Mzee, hao ndio mabati yenu."

Tangu siku hiyo sijaweza kuyatazama mabati yale kwa amani. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba wakila au wakinywa, au wakitenda neno lolote, wafanye yote kwa utukufu wa Mungu. Nikiyasoma maneno hayo sioni mahali ambapo mtego na nyavu vimeachwa nje. Tunasema Mungu ndiye katikati ya maisha yetu, lakini tumempangia saa zake: Jumapili asubuhi, Jumatano jioni, na maombi kabla ya chakula. Saa kumi alfajiri, kamba zinapovutwa, hatumwaliki. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 yupo mtu anayekuta kiota njiani, naye anaamriwa asimchukue mama pamoja na makinda. Mungu anayejishughulisha na kiota cha ndege hawezi kuwa hana neno juu ya mazalia ya samaki. Msimamo wangu ni kwamba tusipokee mpaka mtu huyo aliache kokoro. Nakaribisha hoja, hasa za wanaonipinga.

MWINJILISTI WA VISIWANI

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma kwa heshima, lakini sikubaliani nawe. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake ni ya Tanzania. Serikali yenye boti za doria, maofisa uvuvi na vikundi vya ulinzi wa rasilimali kila mwalo haijaweza kulimaliza kokoro. Wewe unataka mhazini alimalize kwa kurudisha bahasha? Kanisa si kituo cha polisi. Bwana wetu aliingia katika nyumba ya Zakayo na kukaa kwake wakati watu wote wakinung'unika, na hapakuwa na kamati iliyokaa kwanza kuchunguza vitabu vyake vya ushuru.

Tena niulize, kwa nini mvuvi peke yake? Katika usharika huo huo yupo mwenye duka anayepunja mizani, yupo mtumishi wa umma ambaye mshahara wake haufanani na nyumba yake, yupo mwenye kukopesha kwa riba inayomaliza wajane. Bahasha zao mnazifungua bila kuuliza. Naogopa kwamba tunamwona mvuvi kwa sababu dhambi yake inanuka shombo, na hizo nyingine zimepigwa pasi. Kijana wa kambini ambaye hajaingia ibadani kwa miaka mitatu, akisikia kwamba hata sadaka ya tajiri wake imerudishwa, hatasema "Mungu ni mtakatifu". Atasema "pale si mahali petu".

MAMA MWANIKA DAGAA

Wapendwa, mimi ninanunua dagaa kwa ndoo na kuanika, na mzigo wangu unauzwa katika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mnazungumza nyavu kana kwamba sisi wanunuzi tunaziona. Usiku wa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, alfajiri inarudi, nami nipo ufukweni na ndoo zangu, na anayeuliza tundu la wavu lina ukubwa gani atakuta dagaa wameisha. Mwezi ukiwa mpevu hakuna kuvua, na zile siku ndizo za kulipa madeni bila kuingiza kitu.

Nataka niseme lililo langu, kwa sababu la mwenzangu ni rahisi kulisema. Dagaa wakianikwa mchangani wanashika mchanga, na mchanga una uzito kwenye mizani. Wa kwenye chanja ni wasafi na bei yao ni nzuri zaidi, lakini chanja inataka miti, wavu na mtaji. Zipo siku niliwaacha mchangani nikijua, nikawakusanya bila kuwapepeta vizuri, na Jumapili nikatoa fungu la kumi la fedha ile, hesabu yake safi kabisa, shilingi kwa shilingi. Mithali inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Sikuhitaji mhazini anirudishie bahasha, nilihitaji mtu aniulize dagaa zangu nimezianika wapi, na miaka yote hiyo hakuna mchungaji aliyeniuliza.

Jingine: mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, ile ya serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu zilichomwa moto, na nyingine zilikuwa zimenunuliwa kwa mikopo. Tajiri alinunua nyingine. Waliolala njaa ni vibarua na wake zao. Mkitaka kumkemea mtu, angalieni kamba imeshikwa na nani.

MWALIMU WA BIOLOJIA, SENGEREMA

Naomba kuweka sawa jambo moja, kwa sababu mleta mada ametumia kiota cha ndege kama hoja ya kulinda uumbaji. Sangara hakuwamo katika ziwa hili tangu mwanzo. Alipandikizwa na wanadamu katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 alichangia sana kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hili ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa hiyo anayesema kwamba kumlinda sangara mchanga ni kulinda mpangilio wa Muumba atajibiwa na furu, kama wangalikuwapo wa kujibu.

Pamoja na hayo, kokoro halichagui. Linaburuta chini, mahali pa maji mafupi ambapo sato hujenga viota vyao, kwa hiyo mfano wa kiota unafaa zaidi kwa sato kuliko kwa sangara. Na kwa sangara mwenyewe, majike hukomaa wakiwa wakubwa kuliko madume, maana yake mchanga anayevuliwa leo hajawahi kuzaa hata mara moja. Anayepoteza hapo ni jirani mwenye nyavu halali, ambaye atatandika usiku kucha na kurudi na mafuta yaliyoungua bure. Mimi ningeacha hoja ya uumbaji, iliyojaa mitego, nikashika amri ya kumpenda jirani, ambayo haihitaji somo la biolojia.

MLETA MADA

Nimejibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na mwalimu amenivua silaha moja ambayo naikabidhi bila ubishi.

Kwa mwinjilisti, marahaba, lakini turudi kwa Zakayo taratibu. Bwana aliingia kwake kama mgeni, akakaa. Hatusomi popote kwamba alitoka na mabati. Zakayo aliposimama kutaja mali yake, nusu aliwapa maskini, na wale aliowanyang'anya aliahidi kuwarudishia mara nne. Hakuna kilichopelekwa kwenye mfuko wa wanafunzi, ingawa mfuko ulikuwepo na mtu wa kuushika alikuwepo. Kwa hiyo naona tunaweza kumpokea mtu kwa mikono miwili, tukala ugali wake, tukazika wafu wake, na bado mali ile tukaambiana iende kwa waliopunjwa. Sisi tumefanya kinyume: mabati tumeyapokea, na mwenyewe hakuna aliyekwenda kuketi naye.

Kuhusu mwenye duka na mtumishi wa umma, sina jibu isipokuwa kukubali. Nimezifungua bahasha zao.

Na kwa mama yetu, maneno yako ya mchanga yamenifanya niandike kitu ambacho katika mada ya kwanza nilikiruka. Nilisema nilishuka mwaloni kutafuta kitoweo. Sikusema kwamba baada ya kumpima yule sangara nilinunua wanne kama yeye, kwa sababu walikuwa wa bei ya chini, nikawapeleka nyumbani, tukawala na wajukuu jioni ile, na nikashukuru kabla ya kula. Yule kijana aliyecheka ndiye aliyenifungia kwenye mfuko.

Jumamosi baraza la wazee linakaa. Nitapendekeza mabati yasiezekwe kwanza, na wazee wawili waende kwa tajiri kuzungumza naye kuhusu kuvua kwa nyavu halali, na kuhusu wale vijana kumi na watano wataishije wakati wa kubadilisha. Tukishindwa hapo, tutazungumza kurudisha.

MWINJILISTI WA VISIWANI

Hilo la kwenda kuketi naye naliunga mkono. La kurudisha bado silikubali.

MAMA MWANIKA DAGAA

Mzee, hao wazee wawili ni akina nani? Kwa maana nawafahamu wajumbe wengi wa mabaraza yetu, na nusu yao wanamdai au wanadaiwa naye.

MLETA MADA

Mmoja ni mimi, ambaye simdai. Wa pili bado sijampata.