Skrini ya kuchorea kwa kalamu: ninalipia nini hasa?

Mchora Usiku:
Wakuu, nisaidieni. Mwaka wa nne huu nachorea kibao kisicho na skrini: mkono mezani, macho kwenye kompyuta. Nimezoea, ila nikifika kwenye vidole vya mkono nafuta mara kumi. Sasa natamani kuchora juu ya skrini yenyewe. Bei ya inchi 16 inakaribia ya kompyuta nzima, na ndani haina hata prosesa!

Koili:
Unalipia kilicho nyuma ya skrini, mkuu. Yangu ilipokufa niliifungua. Kuna bamba jembamba lenye nyaya zilizopangwa kama wavu. Linarusha mawimbi, koili ndogo (waya uliozungushwa) iliyo ndani ya kalamu inapata umeme humo humo na kujibu. Ndiyo maana kalamu za aina hii hazihitaji betri. Kampuni ya Wacom ya Japani ilitamba peke yake miaka mingi. Hataza zake za mwanzo, yaani haki za uvumbuzi, zilipoisha muda, kampuni nyingine kama Huion na XP-Pen wakaingia, bei zikashuka. Hiyo unayolia nayo ndiyo nafuu yenyewe.

Pesa nyingine inakwenda kwenye gundi. Usicheke. Yangu ya kwanza kioo hakikugandishwa na skrini, palikuwa na mwanya: ncha iko hapa, mstari unatokea pembeni, hasa ukiinamisha kichwa. Nilichora mwaka mzima nimekaa kama napigwa picha ya pasipoti. Tafuta iliyogandishwa. Zile namba za presha, yaani ngazi za kupima unavyokandamiza kalamu, 8192 au 16384, waachie wenye maboksi.

Gumba Moja:
Wateja ni wachache, basi. Watu wanaandika kwa kidole gumba. Microsoft walileta Tablet PC, kompyuta za kuandikia kwa kalamu, 2002, ziliishia wapi?

Koili:
Kweli, ila simu ya Galaxy Note ya 2011, iliyokuja na kalamu, ilibebwa na watu wasioweza kuchora hata kikombe. Kalamu ilikaa kwenye tundu lake, sawa, lakini ilikuwepo. Apple walianza na kalamu yao, Pencil, ya dola 99 mwaka 2015, kwa iPad Pro tu. 2018 wakaifungulia iPad ya kawaida. Tangu hapo ninaowaona nayo zaidi ni wanafunzi, wanakokotoa hesabu.

Mchora Usiku, kabla hujatoa pesa, chora mkono huo huo kwenye karatasi.

Mchora Usiku:
Nimechora. Kidole gumba kimetoka kama kijiko. Naahirisha kununua.