Seva zijiongeze zenyewe, au tulipie idadi moja mwaka mzima?

Kibuyu: Wakuu, tubishane kwa hesabu. Tovuti ya matokeo ya mitihani, mwaka mzima imelala, siku moja inavamiwa. Iko AWS, seva za kukodi za Amazon: kundi la seva 2 hadi 20 linalojiongeza na kujipunguza, shabaha CPU (kichakataji) ifanye kazi kwa asilimia 60. Mhasibu anasema kuziacha zijiongeze ni kumkabidhi fisi bucha.

Mama Logi: Fisi umeshamfunga kamba: 20. Shida ni mwendo. Kengele ya CPU kuzidi shabaha inangoja dakika 3, kisha seva iwake, programu ipande. Watu wameshakata tamaa. Siku inajulikana, weka ratiba: asubuhi kima cha chini 10, usiku rudisha 2. Na anayeweka t3 humo, seva rahisi zenye haki ndogo ya CPU, hajui kazi.

Pweza: Hajui kazi? Kituo cha AWS cha Virginia, t3.medium ni dola 0.0416 kwa saa, c5.large isiyo na kikomo hicho 0.085. Zote vCPU (CPU pepe) 2, RAM GB 4. Nusu bei, dada.

Mama Logi: Piga hesabu mpaka mwisho, kaka. Haki ya t3.medium ni asilimia 20 kwa kila vCPU. Ukiikalisha kwenye 60, umezidisha asilimia 40 kwa vCPU 2, yaani 0.8, mara ziada ya senti 5 za dola kwa saa ya vCPU: dola 0.04. Jumla 0.0816. Nusu yako iko wapi?

Pweza: Zima hali ya bila kikomo, ile inayoruhusu kuzidisha haki, hulipi ziada.

Kisiki: Hapo ndipo unapojichimbia. T3 mpya haipewi akiba ya CPU ya kuanzia, inazaliwa mikono mitupu na kubanwa kwenye 20. Kundi lenye shabaha 60 likisoma 20 linaona shwari, na baada ya dakika 15 linaanza kupunguza seva huku watu wanakula 504, kosa la seva kuchelewa kujibu.

Pweza: Basi iwashe hali hiyo. Ziada inapimwa kwa wastani wa saa 24, msongamano wa saa mbili unafidiwa seva ikipumzika.

Mama Logi: Ikiwa hai! Kundi likiiua jioni, deni linaingia kwenye bili papo hapo.

Kibuyu: Jamani, na hifadhidata? Seva 20, kila moja miunganisho 20, ni 400. Hifadhidata yetu ya PostgreSQL, usipogusa mipangilio, inapokea 100.

Kisiki: PgBouncer katikati, programu inayozigawia seva miunganisho michache kwa zamu. Bila hiyo, kila seva unayoongeza inaongeza foleni tu.

Pweza: Hayo baadaye. Kwanza afute "hajui kazi".

Mama Logi: Nifute hesabu pia?